Barua ya wazi kwa Mheshimiwa ambaye foleni humpisha

Shikamoo Mheshimiwa,

Nakuandikia kwa taadhima kubwa, mimi mkazi wa Mbezi, Dar es Salaam, na mpiga kura wako, na kwanza nikupongeze: kila unapopita Barabara ya Morogoro, foleni huisha. King'ora kikilia tu, daladala zinajibana pembeni, bodaboda wanatulia, trafiki anasimamisha kila kitu. Ndiyo maana sishangai ukiamini kwamba barabara ikipanuliwa tatizo limekwisha. Kwa macho yako, limekwisha kweli.

Uniwie radhi nikueleze hali inavyokuwa msafara ukishapita. Tulijengewa njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, tukashukuru. Tukapata Daraja la Mfugale pale Tazara mwaka 2018, na la Kijazi pale Ubungo mwaka 2021, tukapiga na picha. Magari nayo yakafurahi, yakaongezeka. Foleni ikahamia kwenye taa za mbele.

Sasa linganisha magari hayo na basi refu la mwendokasi, lile lenye njia yake peke yake: lina mita 18 na hubeba watu wapatao 150. Watu haohao wakija kila mmoja na gari lake, hata magari yakigusana bampa kwa bampa, yatajaza zaidi ya nusu kilomita, na bado wenyewe hawajaanza kugombania maegesho Posta. Wala sikufundishi, Mheshimiwa. Serikali yenyewe ililijua hili zamani. Mabasi hayo yalianza Mei 2016, na Dar es Salaam ikawa jiji la kwanza Afrika kutwaa Tuzo ya Usafiri Endelevu, ile ya 2018.

Washindi wa tuzo hiyo wapo Kimara kila asubuhi. Watu wazima wanaingilia dirishani, mama kakumbatia pochi kifuani, mlango unagoma kufunga. Njia ya basi iko nyeupe, basi ndilo halipo. Likitokea, limetanguliwa na shangingi lenye haraka za kitaifa, ambalo bila shaka lilipotea njia.

Tuna maombi matatu tu, na tunayaleta kwa magoti. Yanunuliwe mabasi ya kutosha, na yakiharibika yatengenezwe badala ya kuegeshwa. Njia ya mabasi iachiwe mabasi na magari ya wagonjwa, hata kama mwenye shangingi ana kikao. Na kabla daraja la juu jingine halijaingia kwenye bajeti ya Juni, wahandisi waulizwe litapitisha watu wangapi kwa saa; idadi ya magari tumeshaisikia vya kutosha.

Ukitukubalia, wenye magari wengi watayaacha nyumbani kwa hiari yao, barabara itapumua, na dereva wako hatahitaji tena king'ora.

Wako mtiifu,
Abiria wa Mbezi