Maelezo ya Ziada Kuhusu Umaskini Wangu

Kwa Waheshimiwa Wapimaji wa Uwezo wa Wazazi,
Nairobi.

Waheshimiwa,

Binti yangu anataka kusomea optometria, yaani upimaji wa macho. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kule Kakamega, kinatoa shahada yake, na kutoka Pap Onditi si mbali sana: unapita Katito na Ahero, unabadilisha matatu Kisumu, kisha zimebaki kama kilomita 50. Gredi ya C+ anayo, na sayansi zake zimesimama. Nilidhani kilichobaki ni nauli.

Kumbe kuna hesabu ya kuwapanga waombaji vyuoni. Kwa kanuni tuliyoelezwa na kijana wa saiba, alama za masomo manne yanayohitajika kwa kozi, yaitwayo klasta, zinagawanywa kwa 48, za masomo saba kwa 84, majibu yanazidishwa, yanatafutiwa kipeuo cha pili, kisha yanazidishwa tena kwa 48. Tulilipa shilingi 1,500 za maombi na sasa tunazijua alama za mtoto hadi desimali ya tatu. Tusichokijua ni alama zinazotakiwa, maana za mwaka huu zitajulikana waombaji wakishapangwa. Nawapongeza wapangaji kwa umakini huo wa desimali.

Lakini barua hii inahusu fomu ile nyingine, ya kuthibitisha kwamba mimi ni maskini wa kutosha. Tangu Rais alipotangaza mfumo mpya wa ufadhili Mei 2023, ile karo ya 16,000 kwa mwaka, ambayo kila mzazi wa mtoto aliyepelekwa chuo na serikali aliijua kwa kichwa, imestaafu. Sasa tuko katika bendi tano. Wazazi wa bendi ya 1 hutoa asilimia 5 ya gharama ya kozi, wa bendi ya 5 hutoa asilimia 40. Ili uingie bendi ya 1, mapato ya nyumba yasizidi shilingi 5,995 kwa mwezi. Jirani yangu anauza omena, na mwezi ukiwa mzuri anafikisha 6,000. Nimemshauri adondoshe sarafu moja ya shilingi tano njiani.

Endapo mtataka kujua kuhusu mali, ninayo ekari tatu. Kwenye karatasi zinapendeza. Huku Nyakach ya chini, mvua ya masika ikikaza, ekari hizo huenda chini ya maji, kwa hiyo afisa wa kuzithamini aje Mei, na mtumbwi wake.

Mmeuliza pia binti yangu alisoma shule ya aina gani. Nimejibu kweli: ya bweni. Hapo ndipo ninapohitaji nafasi zaidi ya ile mliyonipa. Alipoitwa kidato cha kwanza tulifanya harambee. Mjomba wake alileta mbuzi. Kanisa lilipitisha sahani mara mbili, na mara ya pili mchungaji aliifuata kwa macho hadi benchi la nyuma. Wanawake wa chama changu walisimamisha mzunguko wao ili zamu ije kwangu. Aliyekosa pesa alileta sanduku la bati lililokuwa la mwanawe. Katika fomu yenu yote hayo yamekuwa neno moja, bweni, na bweni linasema nina uwezo. Mbuzi hana kisanduku. Kadiri ukoo ulivyonihurumia ndivyo ninavyopanda bendi. Laiti wangekuwa wachoyo!

Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo huu unakiuka Katiba, na serikali ikakata rufaa. Nimefurahi kujua kwamba nanyi mkipimwa mara ya kwanza huwa hamridhiki na matokeo.

Kwa nini optometria, hamkuuliza. Siku ya soko hapa, miwani hutandazwa juu ya turubai kando ya sabuni na viberiti. Mzee huvaa moja, akavua, akavaa nyingine, huku ameshika pakiti ya chumvi. Ile itakayomsomea maandishi ndiyo yake, na anaenda nyumbani ameridhika. Pakiti ya chumvi haipimi presha ya jicho, na ugonjwa wa presha hiyo mara nyingi humaliza kuona kimyakimya, bila maumivu. Binti yangu amekua akiitazama kliniki hiyo, na ana maoni makali kuihusu.

Hatuwezi kungoja bendi itoke ndipo tuanze kutafuta pesa, kwa hiyo tunaita harambee nyingine. Najua itaniharibia zaidi. Kadi ya mchango nimeiambatisha, na mstari wa kwanza nimewaachia nyinyi. Tafadhali andikeni shilingi, si asilimia.

Wenu mtiifu,
Mzazi, Pap Onditi.