Kutu, Mfadhili Wetu

Bahari imesifiwa, mwezi umesifiwa, hata tembo la mnazi lina washairi wake. Kutu haina hata mmoja. Ingia gereji yoyote ya Kamembe uisikie inavyotukanwa kwa Kinyarwanda, Kiswahili, Mashi na Kifaransa, pengine zote nne katika pumzi moja, na hakuna anayesimama kuitetea. Basi nitasimama mimi. Bila kutu, ukiacha watu wachache wenye vyeo, nani hapa Rusizi angewahi kushika usukani wa Mercedes?

Wazee wanakumbuka Benz ilikuwa gari la nani. Baada ya uhuru, Afrika Mashariki nzima iliwaita wakubwa Wabenzi, na mlinzi aliyekuwa akiwafungulia geti hakuota kwamba siku moja gari la aina hiyohiyo litalala uani kwa mwanawe. Azimio la Arusha lilijaribu kuwashusha wakubwa na likashindwa na mengi. Kutu haikutoa azimio lolote. Ilijipenyeza tu chini ya zulia, ikafanya kazi.

Na kazi yenyewe ni hii. Ujerumani, gari la mtu binafsi hukaguliwa kila baada ya miaka miwili, na mkaguzi akidunga mhimili kwa bisibisi ikazama, gari halipewi stika. Bei ya kuchomelea huko hushinda bei ya gari lenyewe, kwa hiyo mwenye nalo huliuza kwa hasira. Hapo ndipo wanapoingia wafanyabiashara kama wale wa mtaa wa Heyvaert, Brussels, ambao kwa miaka mingi wamekusanya magari yaliyokataliwa na kuyapakia meli bandarini Antwerp kuja Afrika. Injini nzima, viti vizima, tundu moja tu la ukubwa wa sarafu kwenye kizingiti cha mlango, na tundu hilo ndilo lililokata bei hadi ikafikiwa na mtu wa mshahara. Tena sisi, kama Wabelgiji, tunaendesha kulia, kwa hiyo hata usukani haukuhitaji kuhamishwa. Nani mwingine ametufanyia wema wa namna hiyo bila kutuitisha semina?

Tuanze na kongwe la Benz hizo, W123, lililoanza kutoka kiwandani mwaka 1976 na kuendelea hadi katikati ya miaka ya 1980, jumla karibu milioni 2.7. Dizeli ya 240D ilianza na nguvu farasi 65, baadaye 72, na kufika kilomita 100 kwa saa huichukua zaidi ya sekunde 20, muda unaotosha kusali sala fupi. Ukiitoa Bugarama, bondeni kabisa, ukaipandisha hadi mgongo wa msitu wa Nyungwe unaokaribia mita 2,500, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu robo kuliko ya pwani, hutoa moshi mweusi huku malori ya saruji yakiipita na kuipigia honi ya pole. Lakini inapanda. Inapanda kwa mazutu ya kwenye dumu ambayo gari la kisasa lingeyatema.

Shida ni kwamba haijui kuacha. Dizeli haina cheche ya plagi. Ikishawaka haihitaji umeme, na ili izime lazima ikatiwe mafuta. Wahandisi wa Stuttgart waliikabidhi kazi hiyo hewa. Pampu hunyonya hewa kupitia vipira vyembamba, ukizungusha ufunguo nguvu hiyo ya kunyonya hufika kwenye pampu ya mafuta na kuifunga. Nguvu hiyohiyo ndiyo inayofunga loki za milango yote. Kwa hiyo kipira kikipasuka ndani ya mlango wa nyuma, injini inakataa kuzima. Nimemwona mwalimu mstaafu akishuka mbele ya kanisa, ufunguo mfukoni, Biblia kwapani, na gari linanguruma nyuma yake. Akarudi taratibu, akafungua boneti, akakandamiza kwa kidole kile kijiti cha kuzimia kilichoandikwa STOP, akajifuta kwa leso na kuingia ibadani. Hakuna muumini aliyegeuka.

Sasa, kiumbe kisichokufa hata kikinyang'anywa ufunguo, nani angekimaliza? Hebu fikiri Kamembe ingekuwaje kama kila Benz iliyowahi kuvuka mpaka wa Rusumo ingekuwa bado inatembea. Sisi wanadamu tumewekewa malaria na uzee. W123 imewekewa kutu, na ni kifo chenye adabu: huanzia sehemu za kupigia jeki, chini ya betri, chini ya mpira wa kioo cha nyuma, mahali ambapo jirani hawezi kuona. Na kwa kuwa kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, huvimbisha rangi kwanza, miezi mingi kabla ya kutoboa. Wageni wangapi wa kwetu hupiga hodi mapema hivyo?

Mahitaji yake pia ni madogo. Chuma, maji, hewa, basi. Chumvi huiharakisha, na hapa hatumwagi chumvi barabarani wala Kivu si bahari, ila gari limekuja na chumvi ya baridi za Ulaya imelala ndani ya mihimili, ikisubiri mvua zetu ziiamshe. Nasi tunasaidia. Tunaegesha chini ya mparachichi, majani yanaziba vitundu vya kutolea maji chini ya kioo cha mbele, maji yanashuka hadi miguuni mwa abiria, na mwenye gari anamlaumu mtoto kwamba amemwaga soda.

W124, iliyotoka mwaka 1984, ina wipa moja tu. Wipa hiyo hujirefusha kwenda kwenye kona za kioo na kujifupisha ikifika katikati, ikafuta asilimia 86 ya kioo. Asilimia 14 iliyobaki imeachiwa imani. Grisi ikikauka ndani ya meno yake hukwama wima mbele ya macho ya dereva, na hupenda kukwama ndani ya Nyungwe, jioni, mvua ikiwa katika kilele chake. Lakini ukarimu wake mkubwa kwa kutu ulikuja 1989, ilipovishwa mbao za plastiki ubavuni chini ya milango, zile ambazo mashabiki huziita kwa jina la mchoraji Bruno Sacco. Tope na unyevu huingia nyuma ya plastiki hiyo na kukaa humo mwaka mzima. Mnunuzi huona ubavu safi, akalipa huku anatabasamu.

Halafu ikaja W210, mwaka 1995, ile ya macho manne ya duara, na hapo kutu ilipata uhuru kamili. Kingo za milango, kifuniko cha buti, mudigadi, kote. Wengi hulaumu rangi za maji zilizoanza kutumika miaka hiyo. Kazi bora kuliko zote iko mbele, kwenye kikombe kinachoshika springi. Kikombe hicho kimeshikizwa kwa nukta za kuchomelea na kupakwa gundi ya kuzuia maji. Maji yakishapenya nyuma ya gundi hayana pa kutokea, na nukta huliwa moja baada ya nyingine. Siku ikifika, pengine gari likiwa limesimama tu, kikombe kinaachia na upande mmoja wa mbele unaketi juu ya tairi. Ndiyo maana fundi mzee atakushauri ununue W124 iliyochoka kuliko W210 inayong'aa.

Audi 100 sitaisifu. Tangu 1985 bodi yake ilipakwa zinki yote, kutu ikafungiwa mlango. Tumefaidika nini? Injini inapokufa, bodi inabaki nzima juu ya mawe nyuma ya nyumba, haiozi, haitembei, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma.

Kutu haina mipaka pia. Mama anayepeleka nyanya Bukavu lazima awe na jeto yake ya kuvukia mpaka mkononi. Kutu inapita darajani ikiwa imekaa ndani ya mlango wa Benz, inakwenda na kurudi, na hakuna afisa aliyewahi kuiuliza inakwenda kwa nani. Inachoogopa ni ukaguzi wa polisi peke yake, na woga huo umelisha familia nyingi za mafundi wa bodi, wauza mastiki na wapiga rangi.

Juzi nilisimama karibu na mmoja wa mafundi hao akibandua mastiki kwenye kizingiti cha 240D. Alikuwa amepitisha sumaku ya spika kwanza. Ilipodondoka, akaanza kugonga hapo kwa tindo. Likatoka bonge nene kama kidole gumba. Chini yake, gazeti lililokunjwa na kugandishwa kwa rangi. Chini ya gazeti, kipande cha debe la mafuta ya kula ya msaada, herufi zake za bluu bado zinasomeka, kimepigwa riveti nne kwa ustadi mkubwa. Fundi akakitazama kwa heshima, akasema aliyefanya kazi ile alikuwa anajua. Mwenye gari, aliyekuwa amechuchumaa pembeni, akamwambia amechoka na viraka, safari hii aitoe kutu yote, hata chembe isibaki, bei watapatana.

"Mzee," fundi akamjibu, "nikiitoa yote, bati jipya nitalichomelea wapi?"