Wafu Wasio na Matanga

Nani kasema watu wamechoka na mashujaa? Pale kijiweni Mulongwe, mjini Uvira, mashariki mwa Kongo, mbele ya kibanda cha kijana anayechaji simu na kutia filamu kwenye fulashi, ubishi ulianza kwa msonyo. Motari mmoja alizima pikipiki, akatoa fulashi yake mfukoni, akaomba atiliwe msimu wa 6 wa The Flash. Kijana akasonya, ule msonyo mrefu wa kumsikitikia mtu.

"Yaya, hiyo siku hizi unaiomba peke yako."

Ukitaka kuharibu asubuhi ya watu wa Uvira, waambie kitu walichokipenda hakipendwi tena. Mwalimu aliyekwisha kuchukua simu yake akarudi kukaa. Fundi cherehani akaondoa mguu kwenye pedeli. Mama wa ndagala, aliyekuwa anapita tu, akashusha beseni.

Kwa asiyeijua, ni habari za Barry Allen, kijana wa maabara ya polisi katika mji wa kubuni uitwao Central City. Anapigwa na radi, anazimia miezi, anaamka ana mbio zinazoshinda hata sauti. Grant Gustin ndiye aliyemcheza. Tamthilia ilianza Oktoba 2014 kwenye kituo cha The CW huko Marekani, ikafungwa Mei 2023 baada ya misimu 9 na sehemu 184. Siku ya kwanza ilitazamwa na Wamarekani karibu milioni 4.8. Misimu ya mwisho, hata milioni 1 haikufika.

"Hesabu hizo msizitegemee," mwalimu akasema. Huyu ni mtu wa kusoma, na hapendi kusema jambo bila mizizi yake. Akaeleza kwamba kampuni ya Nielsen huhesabu wanaotazama televisheni majumbani Marekani, na miaka ileile watu kule walikuwa wanaiacha televisheni ya saa maalumu na kuhamia Netflix, wakaangalie wanapotaka. Karibu kila kituo kilipungukiwa. Mwaka 2022 kampuni ya Nexstar ikanunua asilimia 75 ya The CW, na wenye mali wapya hawakuwa na hamu ya tamthilia za gharama kubwa. "Watazamaji hawakufa. Walihama nyumba, na karani wa hesabu akaendelea kugonga mlango wa zamani."

Imesemwa vizuri. Lakini mwalimu alisahau yuko wapi. Sisi pale hatukuwa na Netflix ya kuhamia, na sidhani kama kuna karani wa Nielsen aliyewahi kubisha hodi Kavimvira au Kalundu. Kwetu misimu yote huja pamoja, kwenye fulashi moja, kwa bei ileile, na mtu anatazama saa anayotaka, umeme ukiruhusu. Mtu wa Uvira akiacha katikati, hakuna cha kusingizia ila hadithi yenyewe au lugha yake. Kwa hiyo mimi namwamini kijana wa fulashi kuliko Nielsen. Kompyuta yake ina ufa kwenye kioo na kitufe kimoja kimeng'oka, anakibonyeza kwa njiti ya kiberiti, lakini anajua kila faili linaombwa na nani. Akatuonyesha: folda 9 zimepangwa. Ya kwanza inaombwa hadi leo. Ya pili pia. Ya tatu, mmoja mmoja. Kutoka hapo, kimya.

Fundi cherehani akasema ni urefu. Sehemu 20 na zaidi katika misimu mingi, na nyingi hazisogezi kitu. "Msimu wa 1 adui anakimbia. Msimu wa 2 adui anakimbia zaidi. Wa 3 anakimbia kuliko wote. Na kila mara Barry anashindwa, anasimama kwenye korido, mtu anampa maneno ya moyo, anakwenda kushinda. Miye nimeshona sare za shule maisha yangu yote, najua kitambaa kilichokatwa kwa kielelezo kimoja."

Hapo alikuwa na haki nusu. Reverse-Flash, Zoom, Savitar: wote watatu wakimbiaji, na watunzi wenyewe walilazimika msimu wa 4 kuleta adui anayetumia akili badala ya miguu. Lakini mama wa ndagala alimgeukia. "Na ile ya Waturuki unayoangalia na mke wako? Haina mwisho! Mbona hiyo hujalalamikia urefu?" Tukacheka. Fundi akarudisha mguu kwenye pedeli, akajifanya ana kazi.

Kuna jambo la lugha pia, nalo si dogo. Misimu ya mwanzo ilitufikia imetiwa sauti za Kifaransa, familia nzima inasikiliza, na mwenye Kifaransa chepesi anamfafanulia bibi kwa Kiswahili. Baadaye kijana akawa anapata nakala za Kiingereza zenye maandishi ya Kifaransa chini. Jaribu kusoma maandishi yale kwenye simu ya inchi 5, mkimbiaji anapita kama umeme na maneno yanapita naye. Wasiosoma waliondoka bila kuaga, na hao ndio waliokuwa wanajaza sebule.

Hata hivyo, aliyegonga penyewe ni mama. "Mimi niliacha kwa sababu ya matanga," akasema.

Matanga gani?

"Yule wa kofia. Amekufa badala ya Iris, nimelia. Nikasema sasa watakaa kilio. Msimu unaofuata namwona yuleyule, sura ileile, kofia hana, anagombana na watu! Mtu hata hajafukiwa!"

Alikuwa anamsema H.R., mmoja wa akina Wells wanaochezwa na Tom Cavanagh. Nusu ya pili ya msimu wa 3 tuliambiwa Iris, mpenzi wa Barry, atauawa na Savitar. Siku ilipofika, H.R. alikuwa amejivika sura ya Iris, akachomwa yeye. Tendo zito kweli. Lakini ulimwengu wa tamthilia ile una dunia nyingi, na kila dunia ina Wells wake, basi akifa mmoja wanaagiza mwingine. Kwetu mtu akifa viti vya plastiki vinatoka, mikeka inatandikwa, watu wanalala nje, michango inaandikwa kwenye daftari. Anayerudi keshoyake bila maelezo hatapewa chai.

Motari, aliyekuwa kimya muda wote, akasema ndiyo maana yeye hairuki msimu wa 1. Ile sehemu ya mwisho: Barry anarudi nyuma hadi usiku mama yake alipouawa, anaweza kumwokoa, na hamwokoi. Anakaa naye tu hadi anakata roho. "Miye Aprili 2020 nilikuwa hapa," akasema, akainua kidevu kuelekea mtoni. Hakuongeza. Kila mtu pale anaijua Aprili ile: mto Mulongwe ulivyofurika ukabeba daraja, nyumba na watu kwa makumi. Nani kati yetu hajataka mbio za kurudi usiku mmoja nyuma?

Nami hapo ndipo ninapoweka kosa la watunzi. Mwisho wa msimu wa 2 Barry alirudi usiku uleule, safari hii akamwokoa mama yake. Dunia ikavurugika, ikabidi arudi tena aache auawe. Tangu hapo kila kilichovunjika kikawa na njia ya kurekebishwa, na hofu ikatutoka. Mtazamaji anaweza kuvumilia adui wa kuchosha na korido ya kuchosha, lakini akishajua hakuna kinachopotea moja kwa moja, atapika huku akitazama, kisha atapika tu.

Mwalimu akakumbusha tamthilia nyingine ya mashujaa, Heroes, iliyoanza 2006 kwa watu zaidi ya milioni 14. Mgomo wa waandishi wa filamu na tamthilia ulikata msimu wake wa 2, na mtunzi wake, Tim Kring, akaomba radhi hadharani kwa kwenda polepole. Mwaka 2010 ikafungwa. Lakini watu wa Heroes nao walikuwa wanafufuka, mama akasema, na mwalimu akanyamaza kidogo.

Kijana wa fulashi hakuwa na muda wa falsafa. Diski imejaa, wasichana wa Kimanga wanamdai tamthilia mpya ya Kikorea. Akatangaza anafuta msimu wa 5 hadi wa 9, asiyetaka aseme. Motari akaruka: usifute!

Nikamwuliza kama amewahi kufika huo msimu wa 9.

"Bado," akasema, akimpa kijana fulashi. "Lakini tia yote. Na ukiifuta, nitakuja nayo nikurudishie, ila utanilipa."