Kabla Hujaikata Siga ya Watu

Siku itafika tu. Shemeji aliyekwenda Kuba kusomea udaktari atarudi, mtakula pilau ukweni, na wazee wakishaingia ndani kulala atatoa kisanduku cha mbao. Humo atachomoa kitu cha kahawia, kifupi kuliko kalamu na kinene kama kidole gumba cha seremala, akukabidhi mbele ya vijana wote wa ukoo. Utasema "Asante, shem," kwa sauti nzito ambayo asubuhi hukuwa nayo. Kuanzia hapo unatazamwa.

Jambo la kwanza ni kujua kichwa kipo wapi. Upande uliozibwa, wenye kofia ndogo ya jani iliyobandikwa, ndio kichwa. Huo unaingia mdomoni. Upande ulio wazi, tumbaku ikichungulia, ni mguu, huo unawashwa. Ukiuliza "Nawasha wapi?" umekwisha. Kama huna uhakika, jipe muda kwa kunusa. Ipitishe chini ya pua taratibu, fumba macho, guna, kisha sema, "Vuelta Abajo." Hilo ni eneo la mkoa wa Pinar del Río, magharibi mwa Kuba, ambalo tumbaku yake inasifiwa kuliko ya sehemu nyingine yoyote ya kisiwa kile. Lakini soma kwanza ile pete ya karatasi. Ukitaja Vuelta Abajo huku pete imeandikwa Nicaragua, hata mtoto wa darasa la tano atakucheka.

Na akitokea mtu kudai Mwafrika hana lake hapa, mjibu kwamba jani la Kameruni huvalishwa siga za watu wazito kama joho. La Tabora na Urambo liache kwanza, maana safari yake kubwa ni kwenye sigara za kawaida.

Sasa kukata, ambako wanaume wengi wameaibikia. Kwenye sinema mtu huing'ata kichwa na kutema pembeni. Wewe si wa sinema, na kile unachokitema kitaangukia kwenye kanzu ya mtu. Kisu cha jikoni nacho kiache: kimetoka kukata kitunguu. Kuna kifaa chake, kidogo, chenye tundu katikati na makali mawili yanayokutana. Shemeji anacho. Muombe bila kukigeuzageuza kama uliyeokota bomu.

Kata milimita mbili tu, unene wa sarafu. Siyo zaidi. Ile kofia ndiyo iliyoshika vazi lote, na ukikata chini ya pale siga inapoanza kunenepa, jani la nje litafumuka kama kilemba cha bwana harusi saa nane za usiku. Haya nayasema kwa uchungu. Siga yangu ya kwanza niliikata kama karoti, nikijiambia tundu kubwa ndio moshi mwingi. Dakika kumi baadaye nilikuwa nimeishika kwa mikono miwili ili isisambaratike, ulimi umejaa majani, na jamaa mmoja akaniuliza kwa upole kama navuta au nakula mchicha. Tena kata mara moja, bila kusitasita, kama unayejibu "nimekubali" mbele ya shehe. Makali yakienda polepole hayakati, yanachana.

Ukishakata, ivute kabla hujaiwasha. Hewa ikipita kwa urahisi, vizuri. Isipopita, punguza kidogo tena. Kidogo, nimesema.

Kuwasha ni suala la subira, kwa hiyo tayari tumepata tatizo. Usiinamie koroboi, siga itakuwa na ladha ya mafuta ya taa mpaka mwisho. Mshumaa utakupa nta. Kiberiti cha petroli kitakupa kituo cha mafuta. Kaa la jikoni, ambalo najua umeshalitupia jicho, mwachie mjomba na sigara yake. Tumia kiberiti cha gesi, au njiti ndefu, na ukitumia njiti ngoja kichwa chake kiungue chote ndipo uisogeze, usije ukavuta baruti. Zima feni.

Hapo fanya kama muuza mahindi ya kuchoma. Yeye hatumbukizi hindi motoni. Analiweka juu ya joto na kulizungusha. Shika siga kwa kuinamisha, mguu uwe juu ya ncha ya moto bila kuguswa nao, na uizungushe mpaka ukingo wote uanze kuwa mwekundu. Bado haijaingia mdomoni. Ndiyo, watu wanasubiri. Waache. Kisha iweke mdomoni, vuta kidogokidogo huku moto ukiwa karibu na huku ukizungusha. Itoe, utazame mguu, upulize. Wekundu ukienea pote, umewasha. Upande mmoja ukibaki mweusi, rudi kuuchoma huohuo, la sivyo siga itaungua kwa kuchongoka kama jembe la zamani.

Sasa piga pafu, lakini lisifike kwenye mapafu. Moshi wa siga unakaa mdomoni, unaonjwa, unatolewa. Pafu moja kwa dakika linatosha. Ukiharakisha inapata moto na kuwa chungu. Nikotini yake inapita kwenye ngozi ya mdomo, na siga kubwa moja inaweza kubeba tumbaku ya pakiti nzima ya sigara, kwa hiyo usivute na njaa. Ukianza kutoka jasho jembamba na kuona shemeji wawili, hiyo ndiyo kulewa tumbaku. Iweke chini, omba soda. Shemeji, daktari mzima, atakueleza kwamba saratani ya mdomo na ya koo haijali kama moshi haukufika kifuani. Atakueleza vizuri sana, yake ikiwa katikati ya meno.

Siga ya kawaida ya saizi iitwayo robusto huchukua karibu saa nzima. Utaona ni ndefu. Lakini tangu mwaka 1865 viwanda vya Havana vimekuwa na msomaji anayeketi mbele ya waviringishaji na kuwasomea magazeti na riwaya wakiwa kazini. Hata siga iitwayo Montecristo ilipata jina lake kwenye kitabu cha Alexandre Dumas. Aliyekutengenezea alisikiliza sura kwa sura huku mikono ikifanya kazi. Wewe umeshaangalia simu mara tisa.

Jivu usilikung'ute kila dakika, siyo sigara. Liache lifike sentimita mbili, kisha uliegemeze tu kwenye kisahani lianguke lenyewe. Na ukitaka ya kuondoka nayo, omba mapema. Pierre Salinger, msemaji wa Rais Kennedy, alisimulia kwamba mwaka 1962 bosi wake alimtuma atafute siga za Kuba usiku mmoja. Alipoleta 1,200 asubuhi, ndipo mheshimiwa akatia saini ya kupiga marufuku bidhaa za Kuba.

Ikibaki theluthi, usiikandamize kwenye kisahani. Ukiiponda itatoa harufu ya kuamsha wazee. Ilaze, itazima yenyewe. Kabla ya hapo, joto likishalainisha gundi, ivue ile pete taratibu na uitie mfukoni. Mkeo atakunusa mlangoni, na koti litalala nje. Pete mpe mtoto. Itamtosha kidole gumba.