Kwa Aktiveti

Jirani, sogea hapo kwenye benchi nikueleze. Soda usininunulie, nitaongea kavu kavu hivi hivi. Mwenzio nimedhalilika.

Kibanda changu cha gemu unakijua. Unashuka Mbagala Rangi Tatu, unaingia ndani, unaingia ndani tena, ukishakata tamaa ujue umefika. Kompyuta moja, pedi mbili, moja haikati kushoto. Jero kwa mechi. Kompyuta yenyewe mtumba wa Kariakoo, ilistaafu ofisini Ulaya ndipo ikaja kutumwa kazi kwangu uzeeni.

Sasa kwenye kona ya kioo, chini kulia, miaka yote kulikuwa na maandishi: Activate Windows. Fundi aliyenipigia windo ya kuchakachua kwa elfu kumi aliniambia, hiyo kawaida, usiiguse. Sikuigusa. Kizungu changu kinaishia kwenye "no problem". Nikajua ni neno la heshima tu, kama ile "Limited" ya makampuni. Watoto wao wakajua ndilo jina la kibanda. Wakawa wanaambiana, twende kwa Aktiveti. Mimi nikawa Mzee Aktiveti. Siku hizi hata daftari la michango ya misiba nimeandikwa hivyo. Yaani nimezaliwa, bibi akanipa jina la babu, jogoo akachinjwa, halafu nakuja kuitwa kwa jina la kitu ambacho sijakilipia.

Basi, akaja kwangu mtoto wa dada yangu. Kamaliza shule, anasubiri chuo. Kula anakula kama anajenga. Akaiangalia kompyuta, akatikisa kichwa kama daktari.

"Anko, Windows 10 ilishakufa. Tarehe 14 Oktoba 2025 waliacha kuihudumia."

Nikamuuliza matanga yako wapi. Hakucheka. Akasema watu wanahamia Windows 11. Nikamwambia si uipige. Akasema hii mashine haikubaliki. Inatakiwa chipu ya ulinzi inaitwa TPM 2.0, na prosesa ya Intel iwe kuanzia kizazi cha nane. Yangu kizazi cha tatu. Jirani, mimi nilipopeleka posa kwa wakwe zangu walinichimba ukoo mpaka kwa babu mzaa babu, na hawakufika nane!

"Tupige Linux," akasema dogo.

Nikadhani dawa ya minyoo.

Akanieleza kwamba ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, badala ya Windows. Ilianzishwa mwaka 1991 na kijana wa Finland, Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu pale Helsinki, miaka 21. Mimi na miaka 21 nilikuwa naazima kiatu. Akaendelea kwamba hata sisi tumo, kwamba mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, kwenye mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu huria za kuandikia zilizotafsiriwa Kiswahili. Nikaruka. Mwaka huo mimi nilikuwa pale Mlimani kila siku! Kila siku ya Mungu! Dogo akashtuka, "Anko ulisoma pale?" Nikamwambia nilikuwa konda. Wasomi hao hao niliwashusha mimi. Pengine mmoja wao ananidai chenji yake mpaka leo.

"Halafu ni bure," akamalizia.

Hapo nikaguna. Bure? Kwani ile nyingine nilikuwa nailipia? Akasema ile ilikuwa bure ya wizi, hii bure ya halali, unalala usingizi wako. Nikamwambia mimi usingizi naukosa kwa mbu.

Lakini akaipiga. Flashi moja, nusu saa, kikaja kioo cheupe safi. Nikamuuliza, gemu langu la mpira, PES ya 2013, liko wapi? Lile lililobandikwa Simba na Yanga ndilo linalisha familia hii. Dogo akasema gemu nyingi zimezoea kuongea na Windows, hapa zinahitaji mkalimani. Kama yule wa mkutano wa injili: mhubiri anaunguruma Kizungu, mwenzake anarusha Kiswahili palepale, na akiinua mkono naye anainua. Mkalimani huyo yupo tangu 1993. Anaitwa Wine.

Na jina hilo ndilo lililoniponza. Kibanda na jikoni kwetu vimetengwa na bati moja. Mama watoto anachambua mchele upande wa pili, anasikia sauti ya dogo: "Anko, bila waini hapa hatufiki popote." Halafu sauti yangu mimi, mume wake, mjumbe wa kamati ya msikiti: "Basi weka. Weka nyingi." Akatokea na mwiko. Watoto wa watu saba kwenye foleni. Nikaanza kueleza kwamba hii waini ni mkalimani. Jirani, jaribu siku moja kumweleza mkeo kwamba waini ni mkalimani. Nimekula ugali na chumvi siku mbili.

Dogo akataka kuniokoa, akasema, shangazi, siku hizi kuna Proton. Proton ndiyo ile niliyopatia F ya kemia. Kumbe ni Wine hiyo hiyo, imeongezwa nguvu mwaka 2018 na Valve, kampuni ya Marekani yenye duka la gemu la intaneti, Steam. Mwaka 2022 Valve wakatoa kifaa cha kushika mkononi, Steam Deck. Kinaendeshwa na Linux. Watu wakacheza kwanza, kujua kwamba ni Linux kukaja baadaye. Dogo anasema ndiyo maana wanaongezeka, na Oktoba 2025 takwimu za Steam zilionyesha, kwa mara ya kwanza, wachezaji wa Linux wamevuka watatu katika kila mia. Watatu! Katika dunia nzima! Na mmoja wao akaamua kuja kulala sebuleni kwangu.

Sasa kisa chenyewe. Dogo kaenda Kigamboni. Pedi ikagoma. Nikampigia. Akasema fungua lile dirisha jeusi, andika maneno haya, bonyeza enta, itakuomba paswedi, iandike. Salio likakata.

Nikaandika paswedi. Hakitokei kitu. Si nyota, si nukta, si hata kijidoti cha kunionea huruma. Nikabonyeza kwa nguvu. Kimya. Nikaipindua kibodi nikaitingisha, ikadondosha makombo ya chapati, vipande vya kucha na pini ya nywele ya mama watoto ambayo mwaka juzi alinishutumu nimeigawa. Kimya. Nikasema kibodi imekufa. Nikakimbilia Tandika, nikarudi na mpya, elfu kumi na mbili, mechi ishirini na nne hizo. Nikachomeka. Kimya vilevile.

Nikawaita watoto. Nikawapanga mbele ya kioo. Nikawaambia, mimi nabonyeza herufi moja moja naitaja, nyinyi mkiona chochote pigeni kelele.

"Esi!"

"Hamnaaa!"

"Ai!"

"Hamnaaa!"

"Emu! Bi! Ei! Tano!"

Hapo "hamna" ikapungua sauti. Lakini mimi kichwa kiko kwenye kibodi, jasho linanitoka, naendelea tu. Yanga. Sifuri.

Kimya. Safari hii siyo kibodi.

Jirani, kibanda changu unakijua rangi yake. Kijani na njano mpaka mlango. Wateja wangu tisa katika kumi ni Yanga, na mimi mwenyewe kila derbi navaa skafu. Na paswedi yangu ni simba5yanga0. Tarehe 6 Mei 2012, mabao matano, nililia kwa furaha. Watoto hawa wakisikia tano wanajua ile ya Novemba 2023 tu, Yanga 5 Simba 1, ambayo nilishangilia nao barabarani huku moyo unavuja damu.

Kadogo kamoja, jezi ya Yanga inamfika magotini, kakaniangalia kutoka chini mpaka juu. Kakasema taratibu, "Mzee Aktiveti. Kumbe."

Simu ikaita. Dogo kaweka vocha. Nikamwambia kibodi mbili zimekufa. Akacheka mpaka akakohoa. "Anko, ndivyo ilivyo. Paswedi haionekani ukiandika pale. Ni usalama, ili mtu aliye nyuma yako asijue hata ina herufi ngapi."

Basi nimetulia, nikasema yameisha. Wapi! PES inaenda, San Andreas inateleza kuliko zamani, lakini akaja kijana wa bodaboda, kifua kama kabati, anataka Fortnite. Dogo akamweleza kwamba Fortnite na Valorant zina walinzi wa kukamata wadanganyifu, na walinzi hao Linux hawaipokei. Yule akasema, "Sasa mimi na nyie nani mdanganyifu?" Nikarudisha jero bila ubishi.

Na wateja wakapungua. Siyo kwa ajili ya Simba, hilo nililipoza kwa mechi za bure wiki nzima. Nikawa naona watoto wa mitaa ya mbali wanachungulia mlangoni, wanaangalia kioo, wanageuka. Nikamkamata mmoja. Mbona huingii? Akasema, "Shikamoo. Natafuta kwa Aktiveti." Ni hapa! Akanyoosha kidole kwenye kona ya kioo, chini kulia, palipo peupe. "Hapa siyo."

Nikamwangukia dogo. Nirudishie maandishi yangu, jina langu liko pale. Dogo akanikodolea macho, kisha akasema ipo, wahuni wa Linux walishaitengeneza programu kwa utani tu. Haifanyi kazi yoyote duniani zaidi ya kuandika kwenye kona: Activate Linux.

Akaiweka. Jioni ile ile benchi limejaa. Mambo yamerudi, jina limerudi.

Nikasema safari hii sitaki aibu. Nimekuwa mtu wa halali, nalala usingizi. Nikamsogelea dogo mbele ya foleni nzima, nikatoa elfu kumi mfukoni, nikamuuliza kwa sauti: "Sasa hii ya Linux, kuiaktiveti ni shilingi ngapi?"

Wameshika matumbo, jirani. Na ile pedi iliyokuwa nzima, nayo ikaanguka.