Sifa Njema kwa Kompyuta Inayojizima

Naisifu kompyuta ya gemu inayojizima yenyewe, kwa sababu wanaoitukana ni wengi mno na wanaoisikiliza hawapo.

Tuanze na adabu yake. Haijizimi ovyo. Andika barua ya kuomba kazi, itakaa nawe kutwa bila kukohoa. Fungua hesabu za duka, imetulia tuli. Lakini ingia kwenye mechi, wenzako wakutegemee, adui abaki mmoja: kioo cheusi tii! Wasiojua husema ina kisirani. Kumbe inangoja kazi iwe kazi kweli. Kadi ya grafiki ya RTX 3090, kwa mfano, imepangiwa wati 350, na kufumba na kufumbua huruka kupita hapo. Pawasaplai uliyoinunua kwa chenji iliyobaki baada ya kulipia taa za rangi inauona mzigo huo, inakata umeme, inanyamaza. Mara nyingine hata ubonyeze vipi haiwaki, mpaka uzime swichi ya nyuma na kungoja kidogo. Nani mwingine humo nyumbani anayeweza kukungojesha?

Pili, ni mwalimu. Kabla yake ulijua kubonyeza vitufe tu. Sasa unajua kwamba ikizima baada ya kucheza kwa muda, kwanza lishuku joto; ikizima papo hapo mzigo unapopanda, ishuku pawasaplai; ikileta kioo cha bluu chenye maandishi, kachunguze memori na draiva. Umepakua programu ya kupima joto na unakesha ukikodolea namba: 80, 90, 95. Windows yenyewe haikufai sana hapo. Katika daftari lake la matukio huandika Kernel-Power 41, maana yake kompyuta imewaka tena bila kuzimwa inavyotakiwa. Ni mlinzi aliyelala zamuni, anayekuarifu asubuhi kwamba usiku kulitokea jambo.

Tatu, inahimiza usafi kuliko mama mwenye nyumba. Mama amesema chumba kifagiliwe mpaka amechoka. Kompyuta haikusema neno, ilizima tu, na kijana huyo ameshika bisibisi. Anafungua ubavu na kukuta hitisinki, lile bati la kupozea prosesa, limezibwa na vumbi lililosokotana na nywele za paka. Feni inazunguka kwa juhudi, hewa haina pa kupita. Pesti ya kupitishia joto iliyo juu ya prosesa imekauka hadi inabanduka vipande vipande. Anapiga brashi, anapuliza, anafuta, anapaka tone la pesti mpya. Vumbi lote hilo likimwagika sakafuni, hana budi kufagia.

Lakini sifa yake kuu ni huruma. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware iliwang'oa mabwana prosesa hitisinki zao huku gemu ya Quake III Arena ikiendelea. Pentium 4 ya Intel ilipunguza kasi, ikaendelea kujikokota. Athlon ya AMD haikujua kusema basi: ilitoa moshi, ikafa. Prosesa za leo zina akili ya kujihami. Nyingi hupunguza kasi zinapokaribia nyuzijoto 100, na joto likizidi kupanda, umeme hukatwa kabla hapajaungua kitu. Yaani imekupotezea mechi ili isikupotezee mashine, nawe ukaijibu kwa kuipiga teke.

Kwa hiyo ikizima tena leo, weka mguu chini. Chomoa waya, futa vumbi, pima joto, kisha kanunue pawasaplai nzuri yenye wati za kutosha. Na kama hutaki kufanya hata moja kati ya hayo, iache ijizime. Kati yenu wawili, ni yeye tu anayejua mwisho wa uwezo wake.