Jinsi ya Kuyatunza Maumivu ya Unyayo Yasikutoroke

Maumivu ya unyayo yana tabia moja mbaya: yakipewa nafasi, huondoka. Watu walio wengi wanaoumwa chini ya kisigino na kwenye upinde wa mguu hupata nafuu kubwa ndani ya mwaka mmoja bila kupasuliwa. Mwongozo huu ni kwa wenzangu wa Tarime na Serengeti, kuanzia Sirari mpakani hadi Robanda jirani na hifadhi, ambao wamekwishazoea kuchechemea na hawataki mabadiliko.

Tuanze na adui, maana humtunzi mtu usiyemjua. Chini ya unyayo kuna utando mnene unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi kwenye mashina ya vidole. Umekazwa mithili ya uzi wa ritungu, ala ya nyuzi ya Wakurya, na kazi yake ni kuuzuia upinde wa mguu usilale chini. Kila hatua unauvuta. Ukivutwa kupita uwezo wake, siku baada ya siku, unachakaa, hasa pale unapojishika na kisigino. Usiku umelala, unajikunja na kukaza. Alfajiri unauamsha ghafla kwa uzito wako wote. Ndiyo sababu hatua ya kwanza kuelekea mlangoni inakutoa machozi, na ukifika uani unajiona umepona. Usidanganyike, yatarudi jioni.

Kuyapata si kazi. Vaa ndala zilizolika upande mmoja mpaka vidole vinagusa lami. Kama ni mwalimu, simama kutwa kwenye sakafu ya saruji. Kama ni mlinzi huko Nyamongo, chakaza buti mpaka soli ijikunje katikati. Kama unaongoza watalii, kaa kwenye gari tangu asubuhi, kisha ruka chini kwa kisigino kuwaonyesha nyumbu. Ongeza kilo kadhaa za mwili kwa muda mfupi, halafu panda milima ya Tarime na shavu la mguu lililokakamaa. Shavu likikaza, utando wa chini hubeba deni lake.

Ukishayapata, usiseme. Hapa sisi tuna kipaji. Kijana wa Kikurya hufundishwa mapema kwamba siku ya jando hapepesi jicho, ukoo mzima ukimtazama usoni. Ni mafunzo mazuri kwa siku ile, ila kisigino hakikuhudhuria. Wewe jikaze, nacho kitaendelea kuchakaa bila kujali heshima ya ukoo. Nimeona wanaume wenye kifua cha nyati wakizunguka kiti mara mbili kabla ya kusimama, huku wakidai wanatafuta simu.

Uvumilivu ukikuishia, nenda duka la dawa uombe diklofenaki, na kesho tena, na wiki ijayo tena. Maumivu yatatulia kidogo, tumbo na figo zitaanza malalamiko yao, na unyayo utabaki vilevile. Au tafuta mtu wa kukuchoma sindano ya steroidi kila unaposikia maumivu. Sindano moja kwa mkono wa daktari inaweza kukupa nafuu ya wiki kadhaa. Ukizirudiarudia, mafuta yanayokinga kisigino hupungua na utando wenyewe huweza kukatika. Piga pia picha ya eksirei. Ukionyeshwa kamwiba ka mfupa kisiginoni, katangaze kijiji kizima, na usimsikilize yeyote atakayekwambia kwamba watu wengi wanako na hawaumwi chochote. Kisha anza kuchangisha nauli ya kwenda kupasuliwa Bugando, Mwanza, ingawa madaktari huwaza kisu kwa wachache tu, baada ya tiba nyingine kushindwa kwa miezi sita hadi kumi na miwili.

Kitu cha kuogopa zaidi ni mazoezi. Mwaka 2003 watafiti wa Rochester, Marekani, walichapisha zoezi la kijinga kabisa: kabla hujaweka mguu chini asubuhi, kaa kitandani, pandisha mguu unaouma juu ya goti la pili, vuta vidole kuelekea ugoko mpaka usikie upinde unanyooka. Shikilia sekunde 10, rudia mara 10, mara tatu kwa siku. Halihitaji hata senti, na baada ya wiki nane waliolifanya walikuwa na nafuu kuliko walionyoosha shavu la mguu peke yake. Mwaka 2014 Wadenishi nao wakaja na la kwao: viringisha taulo uiweke chini ya vidole ukiwa ukingoni mwa ngazi, inuka kwa mguu mmoja kwa sekunde 3, tulia 2, shuka kwa 3, siku moja unafanya, inayofuata unapumzika. Kufikia mwezi wa tatu walikuwa mbele ya walionyoosha tu. Kaa mbali na ngazi.

Kaa mbali pia na chupa ya nusu lita iliyogandishwa, inayoviringishwa chini ya unyayo jioni. Na ukienda kwenye mtumba, usijaribu kukunja kiatu: kinachojikunja kwenye vidole na kukataa katikati, chenye kisigino kilichoinuka kidogo, kitakuharibia mpango.

Kuna ushauri mmoja ambao nami naukejeli kwa dhati: "mama, pumzika." Huyu mama anateremka mlimani na mikungu ya ndizi kichwani, na soko halimsubiri mtu. Kumwambia apumzike ni kumfukuza kwa adabu. Mwambie agawe mzigo kwa safari mbili, avae raba badala ya ndala, akae anapomenya. Hiyo ni tiba anayoweza kuifuata.

Sasa niweke utani kando. Mguu ukifa ganzi au kuwaka moto, ukivimba na kuwa mwekundu, ukiwa na homa, ukisikia kitu kimekatika, au ukishindwa kabisa kuukanyaga, nenda hospitali, iwe Tarime mjini au Mugumu. Mwenye kisukari asiguse barafu wala kungoja. Aonekane mapema hata kwa kidonda kidogo.

Kama umekosea ukafuata mazoezi, na asubuhi moja ukafika mlangoni bila kushika ukuta, bado yanarudishika. Acha kila zoezi siku hiyohiyo, toa ndala za zamani uvunguni, na jioni ubebe gunia la mahindi mpaka kwa shemeji.